Jike wa nyoka na njaa ya mwezi wa saba

Jumapili usiku, Mbeya. Baridi ya leo ni ile ya kulala na soksi.

Wiki hii sijalisha nyoka yeyote na sina mpango wa kulisha wiki ijayo, na najua kuna watu wakisoma hapa watasema huyu jamaa anawatesa wanyama. Sasa ngoja niandike maana kichwani imejaa. Mimi nafuga wale nyoka wa kahawia wasio na sumu, wale wanaoingia maghalani kufuata panya, kitaalamu wako kundi la Boaedon (na kabla hujauliza, ndiyo, nyoka ni wanyamapori kisheria, kibali kwanza ndo mengine yafuate). Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka chini ya nyuzi 10. Nyoka hana moto wake mwenyewe, tumbo lake linasaga kwa joto la nje, kwa hiyo ukimpa panya halafu upande wa boksi lake unaopashwa joto haufiki hata 28, yule panya anamuozea tumboni na baada ya siku mbili tatu anamtapika, harufu yake usiombe. Na akishatapika unamwacha apumzike kama wiki mbili ndo umpe kadogo kabisa, ukirudia mapema anatapika tena.

Ndo maana wiki mbili kabla ya baridi kali nafunga jiko, matumbo yawe tupu, maji tu ndo hayakosekani. Jamaa yangu yuko Kyela, kule chini ziwani joto mwaka mzima, wa kwake wanakula mfululizo na ananicheka. Acheke. Umeme nao una mambo yake, ukikatika siku ya kulisha na panya niliyemgandisha ameshayeyuka simrudishi friza, anaenda kwa paka wa jirani, paka mwenyewe siku hizi anajua ratiba yangu kuliko mimi.

Lakini kilichonifanya nikae kuandika ni dogo mmoja wa Tukuyu, kanitumia meseji anauliza jike amlishe mara ngapi kwa wiki ili atage mengi, na picha juu, aisee jike kavimba mpaka akijikunja magamba yanaachana ngozi inaonekana katikati. Anampa panya wawili kila baada ya siku tatu. Kiukweli wengi wanaoanza kuzalisha wanafikiri hivo, kwamba mayai yanatoka kwenye panya wa wiki iliyopita. Jike anatengeneza kiini cha yai kwa akiba aliyoiweka mwilini miezi kabla, ni ka mama mwenye kihenge chake, msimu ukifika anachota alichoweka. Sa ukimshindilia kwa haraka anapata mafuta tu, yanajaa kwenye ini, na nyoka mnene kutaga kunamshinda, mayai yanakwama, hapo unaweza kumpoteza yeye na mayai yake. Kuna na wale wanaomlisha sana mdogo ili afikishe ukubwa wa kupandishwa mapema, uzito unafika ila mwili wenyewe bado ni wa kitoto.

Mimi jike mkubwa nampa panya mmoja, mnene sawa na yeye sehemu yake nene zaidi au kazidi kidogo tu, kila baada ya siku 7 mpaka 10. Dume ni mdogo karibu nusu ya jike, huyo wiki mbili zinamtosha. Mzani wa jikoni ndo unanisaidia kuliko macho, napima naandika. Mgongo usichongoke (huyo kakonda), na mkia usianze ghafla ka mwiko (huyo kanenepa).

Baridi ikiachia, mwezi wa tisa hivi, jike anakula kila wiki bila kukosa, na hapo ndo anapandishwa. Akishabeba mayai anaanza kukataa chakula, anatafuta joto, anajivua gamba, anataga. Usimlazimishe, tumbo limejaa mayai panya atakaa wapi?

Shida kubwa naiona baada ya kutaga. Jike anatoka kakonda ngozi inalegea, na hawa nyoka wanahifadhi mbegu za dume, anaweza kubeba tena na kutaga msimu huohuo bila kuona dume, ye mwenyewe hajarudisha mwili. Watu wanafurahi eti kataga mara ya pili bure! Bure wapi, analipa kwa misuli yake. Mimi akitaga naanza na panya wadogo, kila siku 5 hivi, tumbo lizoee, halafu narudi taratibu kwenye ratiba ya kawaida, na dume simrudishi mpaka mzani uonyeshe karudi uzito wake wa kabla ya mayai. Kama haujarudi, mwaka unapita hivohivo.

Panya nafuga mwenyewe wale weupe, wanakula pumba, mahindi na dagaa kidogo. Wa ghalani sichukui hata nikipewa bure, huku kwetu nani asiyeweka sumu ya panya kwenye mahindi, panya akila sumu ukampa nyoka umemaliza wote wawili. Mama mwenye nyumba aliniletea mmoja kwenye kikopo, kwa heshima zote, nadhani bado anaamini mimi ni mganga na hao nyoka ni wa kazi hiyo, nikamwambia ndaga mama (asante kwa Kinyakyusa) nikaenda kumfukia yule panya nyuma ya choo.

Mwaka huu yule jike mkubwa simpandishi, alitaga mara mbili msimu uliopita na mzani bado unasoma pungufu. Dume nimemhamishia boksi la chumba kingine, akianza kugoma kula msimu ukifika agome tu, ndo tabia yao.