Wiki ya 6: kadi ya heshima imetoka mafichoni

Wiki hii nimejua kwa nini akiba yangu hufa kila ifikapo mwezi wa pili.

Hii ni wiki ya sita ya kupanga kadi za tunu, yaani mambo ninayoyathamini maishani, ili malengo yangu yatokane nazo. Kadi ninazotumia ni fungu la kwanza la mwanasaikolojia Milton Rokeach, tunu 18, la mwaka 1973. Nimezipanga mara tatu. Mara zote juu imekaa usalama wa familia, na heshima mbele ya watu ikaangukia nafasi ya 16. Nilijiamini kabisa.

Jumapili ilikuwa zamu ya kuandika malengo. Sikuandika hata moja. Nilichapisha taarifa ya miamala ya simu ya miezi mitatu, nikachukua kalamu za rangi, nikawa nauliza kila muamala: wewe ni wa kadi ipi? Ada ya mtoto, kijani, rangi ya usalama wa familia. Dawa za mama, kijani. Kufika kwenye michango ya harusi, mkono ukasita. Kuna 80,000 niliyotuma saa 5 usiku, dakika chache tu baada ya katibu kubandika orodha ya waliolipa kwenye grupu. Bibi harusi simjui hata sura. Kama ni ukarimu, mbona ulisubiri orodha? Nikaikagua michango yote 7. 6 imetoka siku ileile orodha ilipotoka; nikaipaka nyekundu, rangi ya heshima. Jumla 410,000, na akiba niliyolenga ilikuwa 450,000. Iliniuma sana. Miaka yote nimejilaumu kwamba sina nidhamu.

Kuhusu vifaa: programu mbili za simu za kupangia kadi nimezifuta. Kidole kinateleza, uamuzi unapita kabla hujauhisi. Manila iliyokatwa kwa mkasi haina mpinzani. Benjamin Franklin, yule Mmarekani wa karne ya 18, alifuatilia fadhila zake 13 kwa nukta kwenye kijitabu, akafuta mpaka karatasi ikatoboka, akahamia kurasa za pembe za ndovu zinazofutika kwa sponji yenye maji. Mimi sifuti. Nataka nyekundu ya mwezi uliopita niione.

Heshima sasa iko nafasi ya 3, na kila nikipita mezani natamani kuirudisha chini. Malengo yatasubiri, maana nimepata wazo jingine: kiwango kimoja kwa kila harusi, 20,000, na natuma kabla ya orodha.

Alhamisi kamati nyingine ikanifikia. "Kaka, tunakuhesabu." Nikatuma elfu 20 papo hapo na kuwaombea heri. Usiku orodha ikatoka, jina langu la nne kutoka chini. Nililitazama muda mrefu, nikazima simu. Akiba haijaguswa.