Mkate wa Pasaka wa kusuka, na kwanini sitaki kuuharakisha

Wiki mbili hizi nyumba yangu huku Nyakato, Mwanza, imenukia iliki na siagi mpaka mapazia, maana mwaka huu wa 2026 Pasaka zimekuja mbili, ya kwetu Wakatoliki tarehe 5 Aprili na ya Waorthodoksi tarehe 12, na mimi nimeokea zote. Naongelea tsoureki. Unatamka tsureki tu. Ni mkate mtamu wa Kigiriki unaosukwa mafungu matatu kwa ajili ya Utatu Mtakatifu, alafu juu yake linakaa yai jekundu, nyekundu ya damu ya Kristo.

Mimi nimeujulia kwa shangazi yangu Bukoba. Aliolewa kwa Waorthodoksi, na kule Kagera wapo wengi tu, kanisa lao liko chini ya Patriaki wa Aleksandria, ule Uorthodoksi wa Kigiriki, kwahiyo mambo ya Kigiriki kwao siyo mageni. Kitu kimoja shangazi alinielewesha ndo nikaupenda huu mkate zaidi: kwenye Kwaresima yao hawagusi nyama wala mayai wala maziwa wala siagi, wiki na wiki, sasa fikiria mtu katoka kwenye mfungo huo, Alhamisi Kuu mayai yamechemshwa na kupakwa rangi lakini hayaliwi, yanakaa tu yanaangaliwa, mpaka usiku wa Jumamosi saa sita kanisani wanawasha mishumaa, "Kristo amefufuka!", "Kweli amefufuka!", ndo wanarudi nyumbani kugonganisha mayai, ambalo halijapasuka mwenyewe anahesabiwa ana baraka mwaka mzima, na mkate unakatwa. Kila walichokikosa kiko ndani ya ule mkate.

Haya, tuje jikoni.

Viungo vyake vya asili ni vitatu. Iliki hiyo tunayo, shukuru Mungu. Cha pili ni mastiha, utomvu wa mti unaoganda kama vichozi vya machozi, unatoka kisiwa cha Chios kule Ugiriki, na ujuzi wao wa kuulima UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Unauweka friza kwanza alafu unautwanga na kijiko cha sukari, bila hivyo unanata kwenye kinu na hautoki. Cha tatu ndo roho yenyewe, mahlepi, kiini cha kokwa la cheri pori, kinasagwa, kinanukia lozi na uchungu kidogo kwa mbali. Nilizunguka Soko Kuu, nikaenda Makoroboi, kila duka la viungo naambiwa chukua mdalasini dada yangu ni ule ule. Siyo ule ule! Nikakata tamaa, mpaka siku moja namsimulia jirani yangu mmoja, bibi mwenye asili ya Oman, akanikatiza, "Mahlabi? Mwanangu, hiyo sisi tulikuwa tunajipaka kwenye nywele," akaingia ndani akatoka na kikopo. Nilivyofungua kile kikopo nilikaa chini kabisa. Ndo harufu ya jiko la shangazi ile.

Vipimo vyangu: unga wa ngano wa mikate kilo moja, sukari gramu 250, siagi ya maziwa yenyewe siyo majarini gramu 200, mayai manne, maziwa vuguvugu mililita 300 hivi, hamira ya chenga vijiko viwili vya chai vilivyojaa, chumvi kidogo, maganda ya chungwa yaliyokwaruzwa, mahlepi vijiko viwili vya chai, iliki kimoja, mastiha punje chache. Inatoka mikate mitatu.

Sasa hapa ndo watu wengi wanakosea na mimi nina neno napo. Donge lenye sukari na mafuta mengi hivi linaumuka polepole, sukari inavuta maji ambayo hamira inayahitaji, na siagi ukiiweka mapema unga haushikani. Kwahiyo unakanda kwanza bila siagi, dakika kumi na tano za nguvu, donge likianza kuvutika kama chingamu ndo unaingiza siagi kidogokidogo, na hapo litalegea litakushika vidole utatamani kuongeza unga. Usiongeze! Endelea, litarudi. Alafu kwa joto letu la Mwanza ukiliacha mezani linakimbia, kwa nje limejaa ila ladha hakuna, na siagi inatoka jasho. Mimi nakanda saa nne usiku, nalifunika, linalala friji mpaka alfajiri. Watu wananiandikia wosap saa mbili asubuhi wanataka mkate wa mchana huohuo. Nawakatalia. Bora nikose hiyo hela.

Kusuka nimemwachia mdogo wangu, ni msusi pale Mlango Mmoja, na yeye ndo kanifundisha kitu ambacho sijakiona kwenye video yoyote. Mimi nilikuwa nakaza sana ili upendeze, mkate ukiingia kwenye moto unapasuka pembeni. Akaniambia dada, hiki kichwa bado kinakua, kiachie nafasi. Sasa tunasuka kwa kulegeza, tunaubana mwishoni tu, tunaacha uumuke tena saa moja na nusu, tunapaka yai lililopigwa na maziwa, ufuta juu, yai jekundu tunalididimiza kwenye msuko. Lile yai liwe limeshachemshwa na rangi iwe imetiwa siki, vinginevyo inahamia kwenye mkate. Moto nyuzi 170, dakika 35 mpaka 40.

Jumamosi ya tarehe 4 umeme ulikatika mikate sita iko ndani ya oveni, dakika ya kumi na mbili. Nililia kweli. Mama akasema lete sufuria kubwa, mchanga chini, kaki, mkate, bati juu, mkaa kidogo chini mwingi juu, kama alivyokuwa anatuokea keki utotoni, na tukaipitisha mmoja mmoja mpaka saa tisa usiku. Miwili ililala katikati, hiyo tulikula wenyewe. Minne ilitoka na rangi ambayo oveni yangu haijawahi kunipa, kahawia ya kung'aa na kwa mbali moshi.

Kuhusu kununua. Mwaka juzi niliagiza mmoja mtandaoni, ukaja na basi, picha ilikuwa nzuri sana, kufungua ni skonzi iliyosukwa, imekauka, inamomonyoka, na yai lililopakwa rangi lilikuwa bichi. Hela yangu elfu ishirini iliniuma. Kwahiyo ukinunua kwangu au kwa mwingine yeyote, usiangalie msuko, msuko unadanganya. Uchane. Tsoureki ya kweli haikatiki kama keki, inachanika nyuzinyuzi ndefu kama kuku aliyechambuliwa, na kabla hujaweka mdomoni harufu iwe imeshafika. Kule Thessaloniki, mji wa Ugiriki, wanaijaza mpaka chestinati, aina ya njugu kubwa, na kuimwagia chokoleti, ni nzuri, ila nyuzi lazima ziwepo. Mimi nauza elfu kumi na tano. Najua mkate wa slesi ni bei gani. Ila siagi, mayai na usiku mzima ndo hiyo bei, siwezi kushusha nikaweka majarini nikauita jina lilelile.

Ijumaa ya tarehe 10 nikabeba minne kwenye boksi mapajani nikapanda basi la Bukoba, tukapita juu ya daraja la Kigongo-Busisi dakika chache tu, pale ambapo zamani tungekaa foleni ya kivuko mkate unaoza kwa joto. Shangazi hakuugusa, alikuwa kwenye mfungo. Aliunusa tu kwa juu ya kitambaa akaniuliza mahlepi nimeipata wapi.

Usiku wa Pasaka, saa nane kasoro, tumetoka kanisani, akachukua mkate kwa mikono miwili akauchana taratibu karibu na taa, anaangalia zile nyuzi zinavyoachana. Kimya. Alafu akasema, "Ulilala huu."

"Ulilala shangazi, tangu saa nne."

Akanipa kipande cha kwanza mimi.

Mwakani Pasaka zitaachana zaidi, yetu 28 Machi, yao 2 Mei, kwahiyo nitaoka tena mara mbili. Oda siku mbili kabla, tafadhali.