Sahani ya mtu mmoja, Lubumbashi

Mchana si tatizo. Mchana nina watu. Ninakagua vitabu vya hesabu vya vyama vya akiba na mikopo, na popote ninapofika kuna meneja wa kunivutia kiti na keshia wa kuniletea chai. Wote wananiita Mama Mkaguzi, hata kama moyoni wanasema jingine. Shida huanza jioni. Ikifika saa kumi na moja kila mtu anakimbilia basi, huyu Katuba, yule Ruashi, mwingine Bel-Air, na mimi ninabaki kwenye ngazi ya ofisi na mkoba wangu na njaa yangu. Kwetu ni Kalemie, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika. Lubumbashi ninaletwa na ndege mara mbili kwa mwaka, mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili, siku kumi kumi. Mwaka huu ni wa saba. Perdiem, yaani posho ya safari, ni ile ile ya mwaka wa kwanza, na sitasema ni kiasi gani maana mkubwa wangu naye anajua kusoma.

Safari ya kwanza nilifanya kama wageni wote: nikaingia restora ya karibu na hoteli. Kitambaa cheupe mezani, menyu yenye picha. Kijana akaniuliza, "Mutakuwa wangapi?" Nikamwambia niko peke yangu. Akaanza kuondoa ile sahani ya pili, kisha glasi, kisha uma, polepole, kama anakusanya vitu vya marehemu. Nikaagiza kuku na viazi vya kukaanga, dola 18. Saa moja na nusu nilikuwa ninasoma menyu ile ile. Kuku alipofika alikuwa moto kwa nje, na karibu na mfupa baridi kabisa. Nikala kwa sababu nilikuwa nimeshaona bei. Noti yangu ya 20 ikarudishwa: ilikuwa na mchaniko pembeni, nusu ya ukucha haufiki. Mwenye kuishi Kongo anaujua mchaniko huo. Usiku tumbo likaniamsha mara nne, na asubuhi nilipitia kitabu cha mikopo mkono mmoja ukiwa umeshika kalamu, wa pili umeshika tumbo.

Tangu siku hiyo dola ni za hoteli, chakula ni faranga. Na mtu wa mapokezi simuulizi tena habari ya kula. Si mtu mbaya, ila anatazama sanduku lako na viatu vyako, halafu anakuelekeza mahali anapodhani mwenye viatu vile anastahili kula.

Swali langu siku hizi ni moja: "Leo mchana umekulia wapi?" Ukiuliza mtu wapi wanapika vizuri, anaanza kukutafutia jibu la heshima. Ukimuuliza yeye mwenyewe amekula wapi, hana pa kukwepea, labda awe hajala. Ninamuuliza mlinzi wa ofisi, mama anayepiga deki, na dereva wa teksi. Wawili wakitaja mahali pamoja, ninaenda bila kuuliza wa tatu.

Ndivyo nilivyofika kwa mama mmoja mpishi wa komini ya Kenya, ambayo ni sehemu ya mji wa Lubumbashi, si nchi ile. Jina lake siliandiki, hajanipa ruhusa. Ni nyuma ya gereji. Kibao hakuna. Mabati juu ya miti, meza mbili ndefu zilizofunikwa mpira wa maua, na kwa nyuma sufuria tano kila moja juu ya mbabula yake, jiko la makaa. Waliokuwa wanakula ni mafundi wa gereji na madereva, mikono imeoshwa lakini kucha bado nyeusi. Msichana akaniletea beseni na jagi, akanimwagia maji, akataja vyote kwa pumzi moja: "Iko sombe, iko lengalenga, iko maharagi, iko bitoyo, iko nyama ya ngombe, kuku ilishaisha." Sombe ni kisamvu, lengalenga ni mchicha, bitoyo ni samaki mkavu.

Hapo nikafanya kosa. Mkono ukaenda wenyewe kwenye mkoba, nikatoa daftari na kalamu. Bukari, yaani ugali, na sombe bei gani? Na ukiongeza samaki? Mchuzi unahesabiwa peke yake? Ninaandika kila kitu, ndiyo ugonjwa wa kazi hii. Nilipoinua macho msichana hayuko. Mama mwenyewe alikuwa anakuja anajifuta mikono kwenye kitenge, uso umefunga.

"Mama, patanti nilishalipa. Karatasi iko nyumbani, bwana yangu ndiye anaichunga." Patanti ni leseni ya biashara ndogo; alinidhani mtu wa kodi.

Meza nzima ikaacha kutafuna. Nikamwambia, hapana mama, mimi mgeni tu, natafuta chakula.

"Mugeni anaandikaka bei?"

Ningejibu nini? Nikatoa tiketi ya ndege, akaitazama kama mtu anayetazama karatasi ya kodi, ikawa mbaya zaidi. Kwa kutapatapa nikamuuliza kama hana ndakala, dagaa wa ziwani kwetu, nimezikumbuka. Fundi mmoja mzee pale pembeni akacheka. "Umesikia? Anasema ndakala. Sisi huku tunasema kapenta. Muache akule, ni mutu wa kule kwa ziwa."

Nikala. Bukari na sombe na kipande cha bitoyo, elfu tano. Daftari nililirudisha mkobani, na tangu hapo nikawa ninazishika bei za pale kichwani.

Kuhusu bukari yenyewe lazima niseme kidogo, maana sisi wa Kalemie tumekua na ugali wa muhogo, unaoteleza na kuvutika. Wa Lubumbashi ni mahindi, mweupe, mgumu, unakaa tumboni kama jiwe la msingi. Siku mbili za kwanza ninaona kama ninatafuna chokaa, siku ya tatu ninauzoea, siku ya kumi ninaulilia uwanja wa ndege. Na bei ya sahani imefungwa kwenye unga huo. Sehemu kubwa ya unga unatoka Zambia, unapitia mpaka wa Kasumbalesa, kilomita kama tisini hivi kutoka mjini. Wazambia wakikaza usafirishaji, au malori yakikwama mpakani, mama hapandishi bei moja kwa moja. Kwanza donge linapungua. Ukiona donge limekuwa ngumi ya mtoto, ujue kesho kutwa sahani itapanda elfu moja. Ninafanya kazi na hesabu na bado mfuko wa unga wa mama huyu unanieleza habari za mji mapema kuliko ripoti zetu.

Saa ya kufika nayo ni muhimu kuliko mahali. Mimi huingia saa sita na nusu. Sombe iliyopikwa asubuhi ile utaona mawese yamepanda pembeni, mekundu, yanang'aa. Iliyolala inakuwa nzito na rangi inazama, na ukiinama unapata harufu ya uchachu kwa mbali. Ninainama, ndiyo. Wananicheka. Baada ya saa nane unakula kilichobaki, na kilichobaki hakina uchaguzi.

Sasa jioni. Mama anafunga saa kumi na moja, na mji unabaki na baa na michopo. Michopo ya Lubumbashi sina la kuisema vibaya: mbuzi wa kuchoma, anakatwa mbele yako kwa panga juu ya gogo, tap tap tap, anafungwa kwenye karatasi ya kaki pamoja na kitunguu kibichi, chumvi na pilipili ya unga. Shida si nyama, ni kiti. Mara ya kwanza nilikaa kwenye baa moja ya Kamalondo kama mtu yeyote mwenye pesa yake, na kabla nyama haijaiva meza yangu ilikuwa na chupa mbili za bia ya Simba ambazo sikuziagiza, na wenye chupa wakinipungia mkono kutoka meza mbili tofauti. Nina miaka hamsini na mbili na wajukuu wawili. Nikarudisha chupa zote mbili kwa salamu za babu yao.

Kwa hiyo sikai. Ninafika mapema, kabla giza halijaingia, ninasimama pale pale motoni. Ninataja pesa kwanza, "ya elfu kumi, papa, ya kubeba," halafu ndiyo ninaonyesha kipande kwa kidole, paja karibu na mfupa. Ukionyesha kwanza, bei inakua kinywani mwake. Na mteja wa kwanza wa jioni hapunjwi, muuzaji anaogopa kufungua biashara kwa mkono mkavu. Mwezi wa sita Lubumbashi ni baridi kweli, sisi wa ziwani meno yanagongana. Ninaiweka ile karatasi ya kaki ndani ya koti mpaka hoteli, nikiwa kwenye teksi, na hiyo ni nusu ya raha ya kuila. Nguo zinanuka mbuzi siku tatu.

Mwezi wa kumi na mbili ni habari nyingine: mvua imeshika, uyoga wa porini unauzwa barabarani kwa mabeseni, na mama anaupika na kitunguu na nyanya. Wiki hizo nyama siigusi.

Safari ya tatu ndipo mama aliponiita nyuma, kwenye sufuria. "Yaya, si unatokaka kwa ndakala? Uniletee." Za kwetu zikifika Lubumbashi, kila mkono uliozishika njiani umeongeza chake. Nikamletea kilo mbili zilizokaushwa, nimezifunga mara tatu ili abiria wenzangu wasinitupe nje ya ndege. Safari iliyofuata kilo tatu. Hanilipi pesa, ananilipa sahani, kilo moja sahani sita, ndivyo tulivyopatana mbele ya yule fundi mzee.

Mwezi wa sita uliopita tulikaa tukafunga hesabu. Kwa kichwa changu, anadaiwa sahani nne. Yeye anasema mbili, kwamba zile siku mbili za uyoga niliongezewa mara mbili na nikanyamaza. Nimeanza tena kwenda na daftari.