Daftari la nishani za Keya: safu ya marehemu

Nimemaliza kupitia mapendekezo ya tuzo ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoshuka Bonde la Kabaw huko Bama (Burma, leo Myanmar) kwenye msimu wa mvua wa 1944, ikaingia Kalewa na kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Ndiyo sehemu niliyoitamani tangu nianze kukusanya majina ya askari wa Kiafrika wa King's African Rifles, yaani Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliotunukiwa nishani za ushujaa katika vita vya 1939 hadi 1945.

London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, hutangaza namba, cheo, jina na nishani, basi. Kisa chenyewe kimo kwenye fomu za mapendekezo zilizohifadhiwa Kew, London, kundi la WO 373, ambazo siku hizi zinapatikana kwenye intaneti. Kila fomu ina karatasi iliyopigwa taipu: juu kikosi na namba ya askari, katikati tendo alilolifanya, pembeni sahihi za wakubwa. Ilianzia kwa afisa wa batalioni, ikapanda brigedi, divisheni, hadi Jeshi la 14 la Jemadari William Slim. Humo njiani nishani iliweza kushushwa. Unakuta herufi DCM (Distinguished Conduct Medal) zimekatwa kwa kalamu, pembeni pameandikwa MM (Military Medal), nishani ya chini yake. Mimi naweka zote mbili, iliyoombwa na iliyotolewa, maana ile ya kwanza ndiyo kauli ya mtu aliyekuwa karibu na tukio.

Majina yanataka subira. Karani aliandika alivyosikia, na huyohuyo askari anaweza kuonekana kwa L kwenye fomu na kwa R kwenye Gazette. Kwa hiyo ninachofuata ni namba ya askari. Tahajia ya jeshi naiacha ilivyo, na ile inayotumiwa na familia naiwekea safu yake.

Familia nyingi huniletea picha za nyota za shaba wakitaka kujua babu alifanya nini. Hapo inabidi nieleze taratibu. Burma Star, Africa Star na nyota nyingine za vita ile walipewa waliohudumu kwenye eneo fulani katika muda fulani, na askari wa Keya walizipokea bila majina kuchongwa. Ukiiokota nyota sandukuni haikwambii ilikuwa ya nani. Military Medal ni tofauti: geuza ukingo wake chini ya taa, utaona namba, cheo, jina na kikosi vimezunguka duara, na nyuma yake maneno ya kusifu ushujaa uwanjani. Bila ukingo huo naomba cheti cha kuachishwa jeshi. Wala siandiki mtu kwa sifa za mdomoni. Idi Amin alidai alipigana Bama, na kumbukumbu zinaonyesha alijiunga na Keya mwaka 1946, vita imeshakwisha.

Lililonishughulisha zaidi safari hii ni wale waliokufa. Kwa kanuni za wakati ule, askari aliyeuawa akitenda jambo la kishujaa mbele ya adui aliweza kupewa mojawapo ya mambo mawili tu: Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, au kutajwa katika taarifa ya jemadari. DCM na MM zilikuwa za walio hai. Hakuna askari Mwafrika wa Keya aliyepata Victoria Cross katika vita ile, kwa hiyo aliyeanguka alibakiwa na kutajwa. Hana medali ya kuning'inizwa ukutani, ana jani dogo la mwaloni la shaba linalobandikwa kwenye utepe wa War Medal. Ukikusanya MM na DCM peke yake, unakusanya walionusurika. Ndiyo sababu waliotajwa nimewaingiza daftarini kwa uzito uleule, na tarehe ya kifo iko mstari mmoja na tarehe ya tendo.

Sajini Nigel Leakey, Mzungu mzaliwa wa Kenya, alipata Victoria Cross akiwa ameshakufa. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito, Ethiopia, alipanda kifaru cha Waitaliano, akafungua mlango wa juu na kuwapiga risasi waliokuwamo isipokuwa dereva, kisha akavifuata vifaru vingine pamoja na askari wa Kiafrika. Tuzo yake ilitangazwa Novemba 1945. Batalioni yake, ya 1/6 (yaani ya kwanza ya Keya ya 6), ilikuwa ya Tanganyika. Hao waliokwenda naye kwa miguu kuvikabili vifaru ndio ninaowatafuta sasa, na sitaufunga ukurasa wa Colito bila wao.

Wapo pia ambao hakuna fomu itakayowafikia. Meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa Februari 1944 ikielekea Ceylon (leo Sri Lanka), na tarehe 12 nyambizi ya Kijapani ikaizamisha karibu na Maldives kwa muda wa dakika chache. Mamia ya wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki walikufa kabla ya kufika vitani. Nimeamua wapate jedwali lao ndani ya daftari hilihili, japokuwa si watu wa nishani.

Kazi inayofuata ni Nairobi War Cemetery, Ngong Road, kwenye Mnara wa Afrika Mashariki ulio na jina la Leakey. Nitapiga picha paneli moja baada ya nyingine na kulinganisha namba na za waliotajwa. Mwenye cheti cha babu aliyekuwa 1/6 Keya mwaka 1941, hata kama kimechanika, naomba anitumie picha ya pande zote mbili.