Tangi la Lita 60 na Samaki wa Madimbwi

Kwa wiki sita tangi langu la kioo, lenye ujazo wa lita 60, lilikaa mezani bila samaki hata mmoja. Kichujio cha sponji kilibubujika usiku na mchana, nami nilikuwa nikisubiri wastawi humo bakteria wanaogeuza amonia, ambayo hutokana na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Nilikuwa nimekwisha kuamua mambo mawili: kwamba samaki wangu watakuwa wa asili wa maji baridi ya Afrika Mashariki, na kwamba sitawafuga kwa kuwatazama tu, bali nitawazalisha. Niliyaona kuwa maamuzi mepesi, kumbe ndiyo yaliyofuta karibu orodha yangu yote.

Sato na perege waliondoka mapema kwa sababu ya ukubwa. Kambare na kamongo sikuwajadili kabisa, kwani kiumbe anayeweza kupita urefu wa mita moja hana makao katika chombo ambacho naweza kukikumbatia. Gogogo nampenda kwa ndevu zake, lakini ni mgumu kuzaa ndani ya kioo.

Aliyenisumbua ni furu wa Ziwa Victoria. Nilitamani kumfuga kwa sababu ya yale yaliyompata: sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kiasi cha kuangamiza aina nyingi za furu ambazo hazipatikani mahali pengine popote. Tena malezi yake yanavutia, maana jike huatamia mayai kinywani kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, na kwa kawaida hali kitu siku hizo. Hata hivyo dume la furu ni mkorofi, na katika lita 60 jike hana pa kumkimbilia. Isitoshe, furu wa aina tofauti wakiwekwa pamoja huchanganyika kwa urahisi, na vifaranga chotara hawamsaidii mtu anayedai kuhifadhi aina fulani. Niliwafikiria pia samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi na kutaga ndani ya maganda ya konokono, ambao wangetosha vizuri humo, lakini wanahitaji maji magumu yenye alkali, nami sikutaka kuyatengeneza maji upya kila ninapoyabadilisha.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nauliza swali kinyumenyume. Sikupaswa kuanza na samaki ninayempenda, bali na namna ya kuzaa ambayo tangi langu, na subira yangu, vingeiweza. Swali hilo ndilo lililonifikisha kwa Nothobranchius guentheri wa Unguja, samaki wa urefu wa sentimita tano hivi, ambaye dume lake lina mkia mwekundu na mwili wa buluu, ilhali jike ni wa rangi ya kijivu isiyovutia jicho. Huishi katika madimbwi ya msimu. Dimbwi likikauka samaki wote hufa, na mayai pekee hubaki katika tope hadi mvua irudi. Kamongo naye hujizika topeni wakati wa ukame, lakini yeye hutoka akiwa yuleyule, na huyu hutoka akiwa kizazi kingine.

Niliweka dume mmoja na majike watatu, pamoja na bakuli la makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuchemshwa. Dume humsogelea jike ubavuni, humfunika kwa pezi lake la mgongoni, wote wawili hutetemeka kidogo huku wakijikandamiza katika makumbi, na yai moja lenye upana wa milimita moja hivi huachwa humo. Baada ya wiki mbili niliyakamua makumbi hadi yasitoe tone, nikayafunga katika mfuko wa plastiki na kuandika juu yake tarehe na jina la mahali ilikotoka mbegu yangu, kwa maana sitaki jamii za madimbwi tofauti zichanganywe mikononi mwangu.

Mayai hayo huhitaji takribani miezi mitatu. Mimi niliyatia maji katika wiki ya nane, kwa sababu niliona kwa lenzi macho machache yenye duara la dhahabu na nikajidanganya kwamba yote yameiva. Walianguliwa vifaranga 23 kabla ya jioni, na 17 kati yao walikuwa wakijiburuta kwa matumbo sakafuni, kwani kibofu chao cha hewa hakikujaa. Hao hawaponi. Nimekaa nao usiku huu kwa aibu kuliko huzuni, nikiwalisha wale sita wanaoogelea artemia, yaani vijikamba vidogo mno vya maji ya chumvi.

Lakini si mayai yote huamka kwa mvua ya kwanza, na huko madimbwini tabia hiyo ndiyo huwaokoa mvua inapowahadaa. Kwa hiyo nimeyachuja makumbi yaleyale, nimeyakamua tena na kuyarudisha mfukoni, na chini ya tarehe ya zamani nimeandika ya leo. Mfuko nimeuweka juu ya kabati, mahali ambapo siufikii bila kupanda kiti.