Jina lililobaki kwenye tanbihi
Jana usiku niliwasilisha kwa jarida la kitaaluma makala yangu kuhusu ufundishaji wa masomo ya kanda za dunia, na leo asubuhi mhariri amenirudishia. Hoja hakuzigusa, tatizo lilikuwa jina langu, ambalo nililifuta kwenye ukurasa wa kwanza lakini likabaki katika sifa za faili na, kwa aibu yangu, katika tanbihi ya nne nilikoandika “kama nilivyoonyesha awali” nikitaja kazi yangu, ilhali wahakiki, yaani wataalamu wanaopima makala kabla haijachapishwa, hawapaswi kumjua mwandishi. Hilo nimelirekebisha upesi. Kilichonitoa jasho ni ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni mwa makala: nafasi ni ya maneno 150 tu kueleza kwa nini mwanafunzi ahoji mipaka ya kanda kabla ya kuikariri, nami nilikuwa na 312. Nimeituma tena mchana huu.