Usiku wa Jago, Kisumu, Baada ya Miaka 23

Usiku wa kuamkia harusi ya binti wa kaka yangu niliketi barazani, katika nyumba tuliyolelewa hapa Kisumu, nikingoja kusikia wanawake wakija wakiimba. Nimekaa Uingereza miaka 23, na muda wote huo, kila nilipokumbuka nyumbani, kitu cha kwanza kunijia kilikuwa sauti za usiku wa jago, mkesha wa harusi kwetu sisi Sikh wa asili ya Punjab: njuga za fimbo zikigongwa barabarani, vicheko, na akina mama wakipokezana beti kutoka mwisho wa mtaa hadi langoni petu. Safari hii nilisikia jenereta ikiwashwa, kisha spika mbili zenye urefu wa mtu zikaanza kutikisa vioo vya madirisha. Nilimuuliza kaka wanawake wangefika saa ngapi. Akanijibu, "Dada, jago ndiyo hiyo, imeshaanza hemani."

Mliokulia mitaa yetu mnaikumbuka jago, hata nyinyi majirani Wajaluo mliokuwa mkitoka na watoto kutazama. Ni usiku wa ndugu wa upande wa mama. Wajomba huja na familia zao, hupokewa kwa mafuta ya haradali yanayomiminwa kwenye pembe mbili za kizingiti, na giza likishaingia mke wa mjomba hujitwisha mtungi wa shaba uliozungushiwa taa ndogo za unga wa ngano uliokandwa, kila moja na utambi wake. Jina lenyewe linahusu kuamka. Katika vijiji vya Punjab, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya India na Pakistan, kabla ya kadi za mwaliko, hivi ndivyo kijiji kilivyojulishwa kwamba kuna harusi: wanawake walipita nyumba kwa nyumba usiku, mwenye nyumba akaongeza mafuta katika taa zilizokaribia kuzimika, akawapa nafaka au vitamu, nao wakamwimbia. Bibi zetu waliowafuata waume zao, mafundi wa reli ile iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika hapa ziwani mwaka 1901, walikuja na desturi hii bila kuipunguza. Mama yangu aliwahi kuubeba mtungi huo kutoka kwetu hadi karibu na gurdwara, hekalu letu, na kurudi, moto ukiwaka kichwani, bila kuushika kwa mkono.

Mtungi wa safari hii ulikuwa wa plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu, wenye balbu za betri, na ulikodishwa pamoja na hema. Mke wa mjomba aliubeba kutoka mlango wa hema hadi jukwaani, akasimama mara mbili kwa sababu mpiga video alimwomba arudie, kisha ukawekwa juu ya meza. Mlango wa jirani haukubishwa hata mmoja. Asubuhi yake mama mzee wa nyumba ya pili, ambaye marehemu mama yangu alimwita dada, aliniuliza kama jana tulikuwa na harambee.

Hata hivyo, mtungi ningeweza kuusamehe. Kilichoniuma, na ambacho sijaweza kukiacha, ni nyimbo. Mama mdogo wangu, ambaye sasa ana miaka 81, alikuwa amevaa shali yake ya kutariziwa na kuketi mbele kabisa, akiamini kwamba ataongoza. Ngoma ndogo ya dholki ilikuwapo, na kijiko cha kugongea ubao wake nilikitafuta mwenyewe jikoni. Tulipoomba nafasi, dijei alipunguza muziki. Mama mdogo akaanza, nami nikamwitikia, na wanawake wengine watatu wa umri wangu wakajaribu kufuatisha midomo yake. Tulikuwa katika ubeti wa pili muziki uliporudi, ukatumeza. Sidhani kijana yule alikusudia kumvunjia heshima. Alisikia kimya kati ya beti mbili akadhani tumemaliza. Mama mdogo alikiweka kijiko juu ya mapaja yake, akatabasamu kwa ajili ya wageni, na hakuimba tena usiku ule.

Harusi ya Kipunjabi ina nyimbo za kila mahali na kila saa. Nyumbani kwa msichana huimbwa suhag, ambamo binti huzungumza na baba yake kuhusu mume atakayemtafutia na nyumba anayoiacha, na nyumbani kwa mvulana huimbwa ghori, za farasi atakayempanda. Ziko sithni, ambazo wanawake wa upande wa bi harusi huwatupia wageni wa bwana harusi wanapokula: baba mkwe akaambiwa tumbo lake, mjomba akaambiwa kilemba chake, na hakuna aliyeruhusiwa kukasirika. Mwanamke ambaye mwaka mzima hakupandisha sauti mbele ya wakwe alipewa siku hiyo ruhusa ya kusema. Ndiyo maana kimya kile kilinitisha: tumepata muziki mwingi zaidi kuliko zamani, na wanawake wetu wamekaa kusikiliza.

Najua tulivyofika hapa. Mwaka 1968, Uingereza ilipokuwa ikipitisha sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya waliokuwa na pasi zake, familia nyingi zilikimbilia ndege kabla mlango haujafungwa, na wengine wameendelea kuondoka kidogokidogo tangu hapo. Wimbo wa kupokezana unahitaji wanawake wa kupokezana. Kwetu hakuna aliyeziandika nyimbo hizi kwa sababu zilikuwa zinajulikana na kila mtu. Mimi pia niliondoka, na nilipokuwa msichana mama aliponiita niketi kwenye dholki nilimwambia nina masomo.

Mengine yalibaki kwa kiasi chake. Mayian, yaani kumpaka bi harusi manjano, unga na mafuta ya haradali, iliyokuwa ikirudiwa kwa siku kadhaa, ilimalizwa asubuhi moja, ingawa shali ilishikwa pembe zote nne juu ya kichwa chake kama ipasavyo. Bangili nyekundu na nyeupe alivishwa na mjomba wake, zikiwa zimetolewa kwenye maji ya maziwa. Milni, ambapo baba hukutana na baba na mjomba na mjomba kwa mataji ya maua, ilirudiwa kwa ajili ya kamera.

Gurdwara ndipo nilipopumua. Anand Karaj, yaani ibada yenyewe ya ndoa, haikuguswa. Kaka alishika ncha ya kitambaa kilichokuwa begani mwa bwana harusi akaikabidhi mkononi mwa binti yake, na beti nne za Lavan, wimbo wa ndoa, alizotunga Guru Ram Das, guru wetu wa nne, na ambazo zimo katika ukurasa wa 773 na 774 wa Guru Granth Sahib, kitabu chetu kitakatifu, zilisomwa na kuimbwa, maharusi wakikizunguka kitabu hicho mara nne. Zimedumu kwa sababu ziliandikwa, na kwa sababu pale ndani hakuna spika ya mtu mwingine.

Kwa hiyo wewe unayepanga kurudi kwa ajili ya harusi, usiulize kwanza kuhusu nguo na hoteli. Uliza nani ataimba. Mpigie mzee huyo mwezi mmoja kabla, mwimbe naye kwa simu, na umlipe dijei saa moja ya kunyamaza, ukae karibu naye mpaka iishe. Ukifika umechelewa kama mimi, utapewa kiti cha wageni na chupa ya maji.

Usiku ule wa jago, saa nane, nilimkuta mama mdogo jikoni akinywa chai. Nilimwomba aniimbie ile suhag iliyokatwa, akaimba polepole, nami nikaandika nyuma ya kadi ya mwaliko. Alifika ubeti wa nne akasimama, akajaribu mara tatu, kisha akasema, "Huo aliujua mama yako." Mpaka siku ya kuondoka tuliandika nyimbo tisa, na sita kati yake zina mapengo. Kama mama yako au bibi yako aliolewa Kisumu, Nakuru au Nairobi na bado anaimba, popote alipo sasa, tafadhali mwombe, na uniandikie beti anazozikumbuka.